Mji wa Ng'ambo ya Msimbazi

Mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hushuka kwanza Jangwani, bondeni, ambapo Mto Msimbazi hupita ukielekea baharini. Wakati wa kiangazi mto huo ni mwembamba, na mgeni aweza kuuvuka bila kujua ya kuwa amevuka kitu. Wakati wa masika mambo huwa mengine: bonde lote hujaa, barabara hukatika, na watu wa upande mmoja hubaki wakiwatazama watu wa upande wa pili kama wasafiri waliokosa jahazi. Apandapo upande wa pili, mtu huyo amekwisha ingia Magomeni, na Magomeni ndipo zilipowekwa ofisi za Manispaa ya Kinondoni. Lakini akiuliza, "Kinondoni ni wapi?" ataelekezwa mbele, kisha kulia, kwa Barabara ya Kawawa, kwa sababu mtaa uitwao Kinondoni hauko Magomeni. Hivyo wilaya hii ina jina la mtaa mmoja na makao katika mtaa mwingine, na wenyeji hawaoni ajabu yoyote katika jambo hilo.

Katika nchi ya Marekani karibu kila jimbo hugawanywa katika kaunti, na kaunti aghalabu huwa na mji mdogo ulio makao yake. Nyumba ya mahakama huwekwa katikati ya uwanja, maduka huizunguka, na mwenyeji yeyote aweza kuonyesha kwa kidole mji wake unapoanzia na unapoishia. Mwenye kuandika habari za mji wa namna hiyo ana kazi nyepesi: huanza uwanjani akatoka nje. Makao ya Kinondoni hayana uwanja wa katikati. Hayakuchaguliwa na wenyeji waliokutana kushauriana, wala hayakukua kutoka katika kijiji cha mfalme au soko la zamani. Yalianza kama mahali pa kulala watu wa kazi. Atakaye kujua habari zake yafaa aanze chumbani.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima kilichokuwa cha Washomvi na Wazaramo. Wajerumani walihamishia hapo makao ya serikali yao mwaka 1891, wakaiacha Bagamoyo. Walikuja na amri za ujenzi zilizopanga nyumba za namna gani zijengwe sehemu gani, na Waingereza walioutwaa mji Septemba 1916 waliiendeleza desturi hiyo. Katika miaka ya 1920 mji ukagawanywa sehemu tatu: ya kwanza ya majumba ya Kizungu kandokando ya bahari, ya pili ya maduka na nyumba za mawe, ambayo watu waliiita Uhindini, na ya tatu ya nyumba za Waafrika, Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu pakaachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Msomaji wa kanuni hizo hukuta jambo la kushangaza. Kwa kadiri kubwa zinataja majengo kuliko watu. Zasema nyumba ya hapa iwe ya mawe na ile ya kule yaweza kuwa ya miti na udongo. Haikuwa lazima kutaja rangi ya mtu, kwa kuwa mfuko wake ulikwisha kutajwa.

Sheria ya ardhi ilikwenda sambamba na sheria ya majengo. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 ya kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, na Waingereza katika sheria ya mwaka 1923 wakaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwafrika aliyepewa kiwanja mjini alikipata kwa haki ya mwaka hata mwaka, akilipa kodi ya kiwanja. Hoja ilikuwa ya ukoo mmoja: mwenye haki ya mwaka mmoja hana haja ya nyumba ya miaka hamsini, na mwenye nyumba ya udongo hana rehani ya kupeleka benki. Mzungu wa serikali hakuhitaji kusema ya kuwa Mwafrika ni mgeni wa mjini ambaye siku moja atarudi kwao shamba. Karatasi za kiwanja zilimsemea.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, hesabu iliipita hoja hiyo. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu 69,227. Mwaka 1957 walikuwa 128,742. Kariakoo ilijaa mpaka vyumba vikagawanywa kwa mapazia. Mwaka 1949 mji ukapewa hadhi ya manispaa, na mwaka huo huo kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb ikatoa mpango mkuu wa kwanza wa mji. Katika miaka hiyo ya mwisho wa 1940 na ile ya 1950 serikali ilipima viwanja vipya nje ya mji wa zamani: Temeke upande wa kusini, Magomeni na Kinondoni ng'ambo ya Msimbazi. Mahali pengine ilijenga yenyewe nyumba za kupangisha, ambazo watu waliziita kota, na mahali pengine iligawa viwanja tu, mwananchi ajijengee. Kota zilikuwa chache na wahitaji walikuwa wengi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mji wa ng'ambo ilijengwa na watu wenyewe.

Nyumba waliyoijenga yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyoufanya mji huu zaidi ya ramani yoyote. Ni nyumba ya mstatili yenye mlango mmoja mbele. Mlango huo hufungukia ukumbi mrefu uendao moja kwa moja hata nyuma, na kila upande wa ukumbi mna vyumba vitatu. Ndiyo maana huitwa nyumba ya vyumba sita. Mwisho wa ukumbi pana mlango wa pili utokao uani, na uani ndimo mlimo jiko, bafu, choo, na mahali pa kufulia na kuanikia. Mbele, chini ya upenu, hujengwa baraza la kukalia. Kuta zilikuwa za miti iliyofungwa kwa fito na kukandikwa udongo, kisha zikapakwa chokaa. Paa lilikuwa la makuti, halafu la madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa, na mwisho la bati. Hata leo sehemu moja ya Magomeni huitwa Magomeni Makuti, ingawa atafutaye kuti juu ya paa huko atachoka bure.

Ubora wa nyumba hii ni kwamba yaweza kujengwa na mtu asiye na fedha. Mshahara wa mwezi ulinunua miti. Wa mwezi wa pili ulimlipa fundi wa kukandika. Chumba cha kwanza kikiisha, mwenye nyumba alihamia humo; cha pili kikiisha, kilipata mpangaji, na kodi ya mpangaji ikanunua mlango wa chumba cha tatu. Benki haikumjua mtu huyu, lakini mpangaji alimjua. Sheria ilimtakia nyumba ya muda kwa sababu yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mtu wa muda. Naye aliichukua ruhusa hiyo ya nyumba ya muda akaigeuza kuwa mali ya kudumu, ukuta kwa ukuta: udongo ulipoanguka akaweka tofali, na tofali halikuondoka tena. Wapimaji waliporudi baada ya miaka ishirini, walikuta mitaa ile ile waliyoichora na nyumba nyingine kabisa.

Chini ya paa moja walikaa watu wasiojuana kwa asili. Mwenye nyumba alikuwa, mathalani, Mzaramo, naye alikaa katika chumba cha mbele ili aone aingiaye na atokaye. Chumba cha pili alikaa Mnyamwezi wa kazi ya bandarini, cha tatu Mngoni aliyekuwa askari, cha nne Mluguru muuza mboga, cha tano karani Mchagga, na cha sita mwanamke aliyeachika, mpishi wa vitumbua, ambaye fedha zake zilitimia mapema kuliko za wengine wote. Si mwanamume tu aliyekuwa mwenye nyumba. Wanawake wengi wa Dar es Salaam walijenga au walirithi nyumba za kupangisha, na nyumba ilimpa mwanamke mjini uhuru ambao shamba la mume lisingempa. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ukumbini, kwa sababu hapakuwa na nyingine iliyowatosha wote. Lugha hiyo ilipotangazwa baadaye kuwa lugha ya taifa, watu wa nyumba hizi hawakuhitaji kufundishwa maana ya tangazo.

Si vema kuitia nyumba hii asali kuliko iliyonayo. Choo kimoja kwa watu ishirini ni jambo gumu. Mwenye nyumba aliweza kumtoa mpangaji kwa neno moja, na mpangaji mwenye wageni wengi alionywa kabla ya mwezi kwisha. Ugomvi wa uani kuhusu maji, mkaa, na zamu ya kufagia ulijaza mashauri ya wazee wa mtaa. Lakini palipotokea msiba, mambo yalibadilika saa ile ile. Jamvi lilitandikwa, mchango ulikusanywa chumba kwa chumba, na watani wakaja na kazi yao ya kufanya mzaha mbele ya maiti ili waliofiwa wapumue. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulizaliwa katika njia za misafara ya zamani; huku ng'ambo ya Msimbazi uligeuka kuwa chombo cha kuwafanya wapangaji wawe ndugu kwa siku tatu. Na siku tatu zikirudiwa mara nyingi huwa maisha.

Waandishi wa historia ya uhuru wameyatukuza sana mabaraza ya Dar es Salaam, na kwa haki. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mji ambao watu wake walikuwa wamekwisha jizoeza kukaa barazani na kubishana. Lakini hadithi ya baraza ni hadithi ya wanaume. Ua nao ulikuwa na siasa yake. Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka 1955 kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika chama, hakwenda barazani. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, na habari ikatoka kwa hao ikaingia uani, nyumba kwa nyumba. Wanawake walijiunga kwa maelfu kabla wanaume wengi hawajatambua kinachotendeka nyuma ya nyumba zao wenyewe. Mtu aweza kusema ya kuwa mpimaji wa serikali ya Kiingereza, alipochora viwanja vya vyumba sita vilivyopangana mgongo kwa mgongo, alikichorea chama njia zake.

Mwaka huo huo wa 1955 Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Katika miaka iliyofuata alikaa na jamaa yake Magomeni, katika Mtaa wa Ifunda. Nyumba yake ya huko baadaye ilifanywa makumbusho, nayo haina ukuu wowote wa kumtisha mtu. Msomi wa kigeni afikaye hapo akitafuta jumba la kiongozi hutazama kushoto na kulia, akidhani amepotea. Jirani zake walikuwa makarani, mafundi na wachuuzi. Ofisa wa serikali ya kikoloni alikaa ng'ambo nyingine, Oysterbay, kwenye upepo wa bahari, na kati yake na mtu huyu wa Magomeni palikuwa na mwendo wa dakika chache kwa motokaa. Oysterbay na Magomeni zikaja kuwekwa katika wilaya moja, yaani Kinondoni, na hapana wilaya nyingine nchini iliyorithi ndani ya mipaka yake umbali mkubwa namna hiyo kati ya majirani.

Majina ya mitaa ya wilaya hii ni historia iliyoandikwa na watu wasiokuwa na kalamu. Serikali iliandika namba za viwanja. Watu wakaita Mkwajuni kwa mkwaju, Mwembechai kwa mwembe na chai, Mzimuni kwa mzimu, Mapipa kwa mapipa. Mwananyamala ina sehemu ziitwazo Kwa Kopa na Kwa Msisiri, kana kwamba mji mzima ni ua wa jamaa na kila pembe ina mwenyewe wa kuulizwa. Uwanja mmoja wa Kinondoni huitwa Biafra, jina lililokuwa vinywani mwa watu tangu Tanzania ilipoitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968. Nchi yenyewe ya Biafra ilikwisha Januari 1970, lakini uwanja wa Kinondoni umebaki, na vijana wauchezeao mpira hawana habari ya vita. Wanafunzi hupenda kutafuta asili ya jina la Kinondoni lenyewe, na kila mzee aulizwaye hutoa hadithi yake. Hadithi hizo ni tamu, lakini hazikubaliani.

Baada ya uhuru serikali mpya iliiona nyumba ya udongo kwa jicho lisilotofautiana sana na la serikali ya zamani, yaani kama aibu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kubomoa vibanda vya mjini na kujenga mahali pake nyumba za matofali. Magomeni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata nyumba hizo. Nia ilikuwa njema na nyumba zilikuwa imara. Hata hivyo, kila nyumba iliyojengwa badala ya nyumba iliyobomolewa haikuongeza hata chumba kimoja kwa wageni waliokuwa wakishuka kila siku kutoka bara, na katika mwaka 1967 mji ulikuwa na watu zaidi ya 272,000. Manzese ilijaa, Mwananyamala ikajaa, Tandale ikajaa, bila ramani. Ilichukua miaka kumi serikali kukubali ya kuwa haiwezi kumshinda mtu anayejenga chumba chake usiku. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikaanza njia nyingine: kupima viwanja na kupeleka maji na barabara Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuitengeneza Manzese bila kuibomoa. Hapo ndipo nyumba ya vyumba sita ilipopata kutambuliwa na wakubwa kuwa ni nyumba.

Kinondoni ilipata kuwa wilaya katika mageuzi ya mwaka 1972, pale serikali ilipozivunja halmashauri za miji na kupeleka madaraka mikoani. Dar es Salaam, iliyokuwa imepewa hadhi ya jiji Desemba 1961, ikapoteza halmashauri yake, na mkoa ukagawanywa wilaya tatu: Ilala, Temeke na Kinondoni. Halmashauri ya jiji ilirudishwa mwaka 1978, ikavunjwa tena mwaka 1996 na kuwekewa tume, na mwaka 2000 wilaya hizo tatu zikawa manispaa. Mwaka 2016 Ubungo ikatengwa na Kinondoni. Ndiyo sababu hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliipa Kinondoni watu 1,775,049, nayo ya mwaka 2022 ikaipa 982,328. Asiyejua habari ya mpaka angedhani tauni imepita. Watu walikuwa pale pale, wakiamka katika vitanda vile vile. Ni jina la wilaya lililohama juu ya vichwa vyao.

Kuhusu haki ya ardhi, mabadiliko yalikwenda polepole kuliko hayo ya mipaka. Sheria mpya za ardhi zilipitishwa mwaka 1999, zikaanza kutumika mwaka 2001. Ilipofika mwaka 2004 serikali ilianza kuwaandikisha wenye nyumba katika sehemu zisizopimwa za Dar es Salaam, na kuwapa leseni za makazi. Lilikuwa jambo jema kuona jina la muuza samaki wa Tandale katika daftari la serikali. Leseni za kwanza zilikuwa za miaka miwili. Babu yake, kama alikuwa na kiwanja Kariakoo, alikipata kwa mwaka mmoja mmoja, hivyo katika miaka themanini ukoo huo ulikuwa umepiga hatua ya miezi kumi na miwili.

Mto nao haukukoma kudai bonde lake. Msimbazi hushuka kutoka milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, na katika miteremko yake, Mkwajuni, Hananasifu na Kigogo, wamejenga watu waliochelewa kufika penye viwanja vya juu. Desemba 2011 mvua zilizopita kiasi zilileta mafuriko ambayo mji ulikuwa haujayaona kwa zaidi ya nusu karne, na watu wapatao arobaini wakafa. Wengi waliookolewa walipelekwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa wilaya, wakapewa viwanja. Huko hapakuwa na mafuriko. Hapakuwa na kazi pia, na nauli ya kwenda na kurudi mjini ilikula mshahara kabla ya unga, kwa hiyo wako waliorudi bondeni. Desemba 2015 matingatinga yakaja Mkwajuni kubomoa nyumba za bondeni. Aliyeyaona mambo hayo kwa mbali aweza kuwalaumu wakaidi. Aliyeyaona kwa karibu alijua ya kuwa mtu wa bondeni alikuwa amepiga hesabu, siku chache za maji kwa mwaka upande mmoja na siku zote za nauli upande mwingine.

Mahali ambapo Kinondoni ilijulikana nchi nzima katika miaka hiyo ni makaburini. Aprili 2012 mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 ya mwezi huo akiwa na umri wa miaka 28, aliagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni, na watu waliomsindikiza walikuwa kama mchanga. Alikuwa mzaliwa wa Shinyanga. Zamani mtu wa bara akifia Dar es Salaam, jamaa walichangishana kumrudisha kwao, au kama hawakuweza, walimzika mjini kwa masikitiko, wakisema amelala ugenini. Kijana huyu wa Shinyanga alizikwa Kinondoni, na waliomlilia walimhesabu kuwa wa hapo. Kanuni za mwaka hata mwaka zilikuwa hazijafikiri juu ya makaburi.

Karibu na wakati huo huo kota za Magomeni zilibomolewa. Hizi zilikuwa nyumba kuukuu za serikali, zilizokaliwa na jamaa 644, na wengi wa wapangaji walikuwa wamezaa na kulea humo, wakakaa muda uliotosha kuwa wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 waliondolewa ili mahali pao pajengwe upya. Nyumba zikaanguka, na uwanja ukabaki mtupu miaka mingi, ukiota majani kando ya barabara kubwa, hatua chache kutoka ofisi za wilaya. Wapangaji wale walitawanyika, wengine Kigogo, wengine Mbagala, wengine kwa watoto wao. Lakini waliendelea kukutana na kushika orodha ya majina. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yao kwa muda wote huo. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika uwanjani hapo, akasema nyumba zitajengwa kwa fedha ya serikali, na kwamba jamaa hizo 644 zitarudi, zikae miaka mitano bila kodi, kisha zipewe nafasi ya kununua. Majengo yalipokwisha yalikuwa matano, ya ghorofa nyingi, na Rais Samia Suluhu Hassan aliyafungua tarehe 23 Machi 2022.

Walirudi waliokuwa hai, na wengine walirudi kwa niaba ya wazazi waliokufa wakisubiri. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016, hupita chini ya madirisha yao. Kila jamaa ina mlango wake, maji yake na choo chake, na hapana ua wa kugombania. Wala hapana baraza: mzee atakaye kukaa nje jioni hushuka ngazi na kiti chake mkononi, akakiweka ukutani, upande wa kivuli, na kabla ya magharibi viti vingine huwa vimekwisha shuka. Hapo huzungumza habari za mpira, za ndoa, za bei ya unga; na aghalabu, kabla hawajapanda, mmoja wao huuliza miaka mitano itahesabiwa tangu siku ya ufunguzi au tangu siku kila mtu alipokabidhiwa ufunguo.